Milimita Arobaini na Moja

Niliichora mimi. Jina langu liko pembeni mwa bodi,
herufi nyeupe, ndogo kama mayai ya chawa,
kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Kilikuwa kijisanduku cha kuhesabu magari
kwenye barabara ya barafu, kati ya bara na kisiwa,
miezi ile bahari ya Estonia inapokubali kukanyagwa.
Yakishapita mia mbili, barafu hupumzishwa,
na Ilmar, mlinzi wa lango, hushusha mti.

Siku ya tatu akanipigia simu:
"Chombo chako kimelala. Nikikigusa kinaamka."
Nikaendesha saa tatu kwenye theluji
ili nimcheke mbele yake.

Akavua glovu. Akaweka kidole cha shahada
kwenye mguu wa kristali,
taa ya kijani ikapepesa. Akakiondoa: kiza.
"Kama ng'ombe wa marehemu mama," akasema,
"hakuachia maziwa ila kwa mkono alioujua."

Nikatoa osiloskopu kwenye mkoba.
Nilipogusisha ncha yake, wimbi likasimama,
laini, jembamba, halina kasoro.
Nilipoiondoa, likafa.
Ugonjwa gani huu, daktari akiingia unapona,
akitoka unamrudia mgonjwa?

Basi nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
nikaisoma kazi ya mikono yangu.
Betri ilitangulia kupangwa, mgeni mnene
aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.
Kristali nikaisukuma kule pembeni,
halafu nikaivutia njia ya shaba:
ikazunguka skrubu, ikapita ubavuni mwa antena,
ikaingia kwenye pini kama mtu aliyechelewa harusini.
Milimita arobaini na moja.
Kwenye kioo cha kompyuta ilipendeza. Kona nilizilainisha.

Mapigo milioni nane kwa sekunde
niliyatuma safari hiyo, kwenye baridi hiyo.
Tena mapigo hayaendi tu, hurudi;
kila hatua yanaitafuta ardhi chini ya nyayo,
nami ardhi nilikuwa nimeichana katikati
nipitishe waya wa kitaa kisicho na kazi.
Yakarudi kwa kuzunguka, yakipiga kelele njia nzima,
na kila redio ilipotuma taarifa
yakababaika, yakasahau yalikuwa yanahesabu nini.

Kidole cha Ilmar kilifanya nini?
Labda kiliongeza zile pikofaradi chache
nilizozifanyia ubahili. Labda kiliyashtua tu.
Sijui. Sitajifanya ninajua.

Tukawasha jiko. Kwa kisu nikakwangua rangi,
nikakata njia yangu ndefu pande mbili,
nikailaza kristali mlangoni kabisa mwa pini,
kapasita mpya kulia, nyingine kushoto,
na chini yake kipande cha shaba
nilichokata kwenye bomba bovu la maji,
nikakilehemu kwenye ardhi. Moshi ukanitoa machozi.
Nikasubiri. Hakuna aliyegusa kitu.
Taa ikapepesa.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hawakuwahi kuchora saketi.
Hapa mwongo ni yule anayezunguka,
anayepita kwa majirani wenye kelele
na kufika na habari nyingine;
mkweli hukaa karibu, husema, hunyamaza.

Siku hizi kristali ndiyo ninayoiweka kwanza,
kabla ya betri, kabla ya jina langu.

Gari la kwanza kuhesabiwa lilikuwa la maziwa.
Nikageuka kutafuta koti nimwage Ilmar
na ndipo nikauona ukuta nyuma ya mlango:
mistari ya penseli, mitano mitano, siku tatu nzima,
kila gari na mstari wake,
siku ya pili imeishia mia mbili kamili.
Hakuwa amenionyesha.
Alikuwa nje tayari, anapandisha mti.